Chupa ya Damu Ilifika Nzima

Kasaji, tarehe 9 Februari 1974

Kwa yaya yangu, kaka mukubwa Ngeleka, ku labo ya hospitali, Kolwezi.

Salamu mingi, yaya. Barua hii ikukute na afya, weye na bibi yako yaya Mado na batoto, na zaidi mama yetu na magoti yake. Sisi huku tunapumua. Mvua haijakata toka Noeli, muhogo ya mama mukwe imeozea mu maji, na treni yenye ilipaswa kupita Jumanne inapita Jumatano. Kanku anakimbia sasa. Iko na mwaka moja na miezi ine, na akisikia treni anaita jina yako, juu nilimuambia njo inatoka kwako. Bwana yangu Kabeya iko ku kazi yake ya gare, ku kituo cha treni, kama kawaida.

Yaya, nilitaka kukuandikia barua ingine. Nilikuwa nimekwisha kuipanga mu kichwa: kama ni mwanaume, tutamupa jina yako.

Alikuwa mwanaume. Alizaliwa tarehe 27 ya mwezi uliopita, ku dispensaire ya misioni. Alilia. Ninakuambia hivyo usifikiri alizaliwa amekufa: alilia na akanyonya mara mbili. Lakini tumbo yake ilikuwa imevimba, na siku ileile, mbele jua haijashuka, macho yake ikageuka manjano. Kesho yake ngozi yote ilikuwa rangi ya mawese. Siku ya tatu akakaza mugongo kwa nyuma, akakataa ziwa. Alikufa saa ine ya asubuhi, mikononi mwa masœur Godeliva, mutawa wa misioni, juu mi nilikuwa nimeshindwa kumushika.

Masœur alinitoa damu ku mukono. Alisema anawaza kitu, lakini hawezi kusema bila kupima, na ku misioni hakuna dawa ya kupimia. Alifunga chupa ndani ya pamba, akaiweka mu kopo ya maziwa, akamupa chef wa treni, mukubwa wa safari, aifikishe kwako weye mwenyewe. Alisema, kaka yako ataiangalia mbio kuliko mutu mwingine.

Mama mukwe haingii mu chumba yangu toka siku ile. Ananipitishia chakula ku mulango. Sijui anawaza nini, na simuulizi.

Mudogo yako,
Bilonda


Kolwezi, tarehe 6 Machi 1974

Mudogo yangu Bilonda,

Salamu kwako, kwa mukwe yangu Kabeya na kwa Kanku. Barua yako ilifika, na tulilia hapa nyumbani. Mama hakula siku mbili. Mado anasema angekuja kukaa na weye, lakini mutoto yetu wa mwisho iko na surua. Hapa kazi ni mingi. Courant ya umeme toka bwawa ya Nzilo inakatika, frigo ya labo haipozi tena dawa, tunatupa bitu bingi. Juma iliyopita balituletea batu tano ba mugodi ya Mashamba, udongo ilikuwa imebaangukia. Tulitafuta damu ya kubapa mupaka asubuhi.

Chupa yenye masœur alituma, mudogo yangu, ilifika imevunjika. Pamba ilikuwa imenyonya damu yote. Haikuwezekana kupima kitu. Muambie masœur asikutoe ingine kwa sasa, juu mwanamuke akitoka kuzaa damu yake ni kidogo, na weye uko muzaifu.

Batoto ni ba Mungu. Weye ni kijana bado. Kula, lala, usikilize bwana yako. Nimemupa machiniste wa treni kitenge kimoja akuletee. Mama njo alichagua rangi.

Yaya yako,
Ngeleka


Kasaji, tarehe 30 Machi 1974

Yaya yangu,

Salamu kwako na kwa bote ba nyumbani. Natumaini surua ya mutoto imepita. Kitenge nilipata, mwambie mama rangi ni nzuri, nitaivaa kilio ikiisha.

Nilimuambia masœur kama chupa ilivunjika. Alishangaa. Chef wa treni alimuambia kopo ilifika vizuri, na uliifungua mbele yake, ukashika chupa ku mwangaza wa dirisha. Pengine ilivunjika kiisha pale. Mi sibishi, yaya. Ninakuambia tu vile alisema.

Sasa sikiliza neno yenye kunifanya niandike. Tata Badibanga, muyomba wa Kabeya, alifika toka Mwene-Ditu. Balikaa mu salon, sebule ya nyumba, balume na mama mukwe, na baliniita. Walisema mutoto hageuki manjano bure. Walisema njo tshibawu: bibi akijuana na mwanaume mwingine na akificha, mutoto wa bwana anakufa, na asipotubu, batoto bengine banafuata, na bwana pia. Tata Badibanga hakunitukana. Aliongea polepole, kama mutu anayemuomba mugonjwa anywe dawa. Alisema, "Mutoto yetu, taja jina tu. Tutachinja mbuzi, itaisha."

Nilibajibu sina jina ya kutaja. Balisema watangoja.

Kabeya, toka siku ile, amehama kitanda yetu. Analala mu chumba ya bageni. Mara moja tu aliniuliza, nilikuwa ninaosha sahani: "Kama kuko kitu, si bora uniambie mi mbele yao?" Nilimuambia hakuna. Alitikisa kichwa, akaenda ku gare.

Yaya, weye unapima damu miaka kumi. Kuko kitu ndani ya damu yenye inaweza kufanya mutoto hivyo? Niandikie karatasi moja yenye muhuri ya labo, hata mistari mbili. Kabeya ni mutu wa gare, anaamini karatasi.

Na kitu kingine kinanirudilia. Unakumbuka mwezi wa nane mwaka 72, wakati nilikuwa na mimba ya Kanku, tumbo ikajaa maji mingi, nikakuja kwenu, docteur akaingiza ile sindano ndefu ku tumbo kutoa maji? Maji ilitoka na damu. Docteur alikugeukia, akakuuliza neno kwa Kifaransa, na weye ulicheka kidogo ukimujibu. Alikuuliza nini?

Bilonda


Kasaji, tarehe 14 Mei 1974

Yaya,

Salamu. Barua yangu ya mwezi wa tatu na ile ya Paska, zote mbili hazikupata jibu. Kama uko mugonjwa, mwambie yaya Mado aniandikie.

Kanku iko na homa siku ya ine leo. Mama mukwe anakaa pembeni yake, anamuangalia kama mutu aliyekwisha kwenda. Tata Badibanga anasema hatangoja zaidi ya siku ya Mungu, ile Jumapili ya tarehe 26.

Nitumie ile karatasi.

Bilonda


Kolwezi, tarehe 22 Mei 1974

Bilonda,

Barua hii nimeianza mara tatu mu mwezi wa ine na nikaipasua. Leo sitaweka salamu mingi mbele, nisipate tena mahali pa kujificha.

Chupa yako ilifika nzima. Chef wa treni alisema kweli. Nilitoa pamba na mikono yangu, nikapima siku ileile, nikapima mara ine. Mara zote jibu ilikuwa moja.

Ndani ya damu ya karibu batu bote kuko alama yenye banaita rhésus. Mwenye iko nayo tunaandika positif. Mwenye hana, négatif. Kwa batu mia ba huku, pengine batatu njo habana. Weye ni mumoja wa bale batatu. Kabeya iko nayo, na batoto banaipata kwake. Damu ya mutoto na damu ya mama hazichanganyikani ndani ya tumbo; kila moja iko na njia yake. Lakini zikichanganyika hata kidogo, mwili wa mama négatif unaona ile damu kama adui, unajifunza kuipiga. Inachukua wakati kujifunza, njo maana mutoto wa kwanza anaponaka. Wa pili anakuta vita imekwisha kutayarishwa. Damu yake inavunjwa, na ile manjano ni damu yenye kuvunjika. Haiko tshibawu. Haiko mwanaume. Haiko kitu ulifanya.

Sasa sindano. Siku ile docteur alipitisha sindano, ikagusa kondo, ile inalishaka mutoto. Njo maana maji ilitoka nyekundu. Docteur anajua kama pale damu ya mutoto inaweza kuingia kwa mama. Aligeuka kwangu juu mi njo nilikuwa nimeshika karatasi yako. Aliniuliza: rhésus yake? Nilimujibu positif. Akaniuliza tena: "Una hakika?" Nikacheka, nikamuambia, "Ni mudogo yangu, docteur. Mi mwenyewe niko positif."

Alitosheka. Mu frigo ya labo kulikuwa chupa mbili za dawa ya Ulaya. Mama négatif akipigwa sindano ya dawa ile mbele ya siku tatu kupita, mwili wake haujifunzi vita. Angekupa moja palepale, na angeandika ku karte yako masœur akupe ingine siku ya kuzaa. Hakukupa, juu ya jibu yangu. Zile mbili zilipita tarehe mu mwezi wa kumi, na ni mi nilizitupa.

Bilonda, sikukupima rhésus. Nilipima kundi tu, ile ya O. Dawa ya kupimia rhésus ilikuwa imebakia matone, nilitaka kuilinda kwa ajili ya bale ba kupewa damu. Nilifikiri batoto ba tumbo moja bako na damu moja. Kazi yangu yote inasema ile ni bongo, uongo mutupu, ninaifundisha kwa bapya kila mwaka. Lakini ilikuwa weye, na sikufikiri. Niliandika alama ya positif, nikatia saini.

Siwezi kusema kwa hakika kama ni sindano ao ni siku ya kuzaliwa kwa Kanku njo damu zilichanganyika. Ninajua tu ile niliona na macho: damu mu maji, na docteur kunigeukia.

Chupa yako ilipofika, niliogopa. Nilijiambia atazaa mwingine, ataponaka, hakuna atakayejua. Ile ilikuwa bongo pia. Kila mutoto atakayefuata wa Kabeya atapata hatari ileile na zaidi.

Mu bahasha hii kuko karatasi yenye muhuri. Mupe Kabeya. Mupe tata Badibanga. Usitaje jina ya mutu.

Ngeleka


Misioni ya Kasaji, tarehe 17 Juni 1974

Kwa yaya Ngeleka,

Salamu kwako, kwa Mado, kwa batoto. Mama usimuambie bado mahali niko.

Treni ya mizigo ilianguka kilometa ishirini toka Mutshatsha, njia ilifungwa siku kumi na moja. Barua yako nilipata tarehe 10 ya mwezi huu. Siku ya Mungu ya tarehe 26 ilikuwa imekwisha kupita.

Nilitaja jina.

Siandiki ili nikuongezee mzigo, lakini unapaswa kujua namna ilikuwa. Homa ya Kanku ilipanda. Balikataza kumupeleka kwa masœur, balisema dawa haiwezi kitu mbele mama yake hajasema. Juma mbili, yaya. Midomo yake ilikuwa imekauka, alikuwa haniiti tena. Nilimuangalia, nikafikiri: labda mi njo sijui. Labda kuko kitu nilifanya, na Mungu pekee njo anakumbuka. Nilibaita mu salon mwenyewe, nikasema, "Ni kweli. Ilikuwa Muamba."

Unamukumbuka Muamba, ajusteur, fundi wa machini ku depo ya treni, yule aliyebanwa na wagon mwaka jana akafa. Nilichagua mufu juu mufu hapigwi, hafukuzwi kazi, hapati haya. Tata Badibanga alishukuru Mungu. Kabeya alikuwa amesimama ku mulango. Aliniangalia, akavaa kofia yake ya kazi, ijapo ilikuwa siku ya Mungu.

Kiisha kusema, baliniachilia nimupeleke Kanku. Masœur alimupiga sindano ya quinine, dawa ya malaria. Siku ya pili alikaa, akaomba uji. Sasa bote bananionyesha mutoto: ona, ulisema na akapona. Nilipeleka karatasi yako yenye muhuri. Tata Badibanga aliishika, akairudisha, akasema kaka hawezi kukosa kumutetea dada yake.

Balinitoa mu nyumba, balinipeleka kwa masœur na masanduku mbili. Kanku alibaki kwa mama mukwe. Ninapika jikoni ya misioni.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Pale uliandika ulicheka, mi nilikuwa ninakumbuka.

Bilonda


Kolwezi, tarehe 1 Julai 1974

Mudogo yangu,

Sijui namna ya kukusalimu. Mama anajua sasa. Nilimuambia mi mwenyewe, bila kuruka neno. Hakunipigia kelele. Alichukua chakula yake, akaenda kula kwa jirani, na hivyo njo anafanya kila siku.

Nilikwenda pia kwa docteur, yule yule wa mwaka 72. Nilimufungulia registre, kitabu ya labo, nikamuonyesha mustari. Aliuliza kwa nini nimengoja toka mwezi wa pili. Ameniondoa ku kazi ya kupima damu, ninaosha vioo. Lakini ameandika barua kwa mukono yake, kurasa mbili, kwa Kabeya, na masœur Godeliva atamusaidia kuisoma. Jibu ya kaka balikataa, labda ya docteur watasikiliza.

Nitapanda treni ya Jumatano ijayo. Sitakuja kukuomba kitu. Nitabaambia mbele ya bote, na weye ukipenda usiwe pale.

Ngeleka


Kasaji, tarehe 8 Septemba 1974

Yaya Ngeleka,

Salamu kwako na kwa bote. Mwambie mama barua yake ilifika, na asikule kwa jirani tena, jirani atachoka. Joto ya mwezi wa tisa imeanza, na moshi ya mashamba yenye kuunguzwa inaingia mupaka mu kanisa.

Kiisha kubaambia bote mu salon, uliondoka mbele Kabeya hajajibu, na unaniuliza mara mbili alisema nini. Alikuja ku misioni juma mbili kiisha weye kwenda. Alikaa ku benchi ya dispensaire, kofia ku magoti. Aliniambia, "Barua ya docteur ninaiamini. Kaka yako ninamuamini. Lakini nilikusikia na masikio yangu ukitaja jina ya Muamba, na kila nikifunga macho ninaisikia tena." Nikamuuliza, ungetaka nimuache Kanku afe? Alilia, yaya. Sikupata kumuona akilia hata siku ya kuzika mutoto. Kiisha akaniambia muyomba yake amekwisha kumutafutia bibi mwingine mu Luputa, na mama yake amekwisha kumukaribisha. Mutoto mwingine wa mi na yeye angekuwa mu hatari ileile. Tulijua bote wawili.

Kanku wananiletea siku ya Mungu kiisha misa, banakuja kumuchukua saa kumi na moja. Anaanza kulia saa kumi.

Unaniuliza kama nimekusamehe. Sijafika pale. Kuko siku ninaanza kutembea kuelekea pale, kiisha ninakumbuka chupa yenye uliita imevunjika, na ninarudi. Ile ya kwanza, ya rhésus, ilikuwa kosa ya mutu amechoka ao mutu anapenda sana. Ile ya pili ulikuwa na siku mia ya kufikiri. Lakini docteur akikurudisha ku kupima, usikatae. Weye hutaandika tena alama bila kuangalia, na ku Kolwezi kuko bamama bengine.

Ilibakia mutu moja sijamuambia: Elise, bibi ya Muamba. Toka mwezi wa tano alikuwa hanisalimu, na batu balikuwa bananong'ona akipita ku soko. Niliogopa nyumba yake kuliko ile salon ya tata Badibanga. Nilikwenda juzi. Nilimukuta ku baraza anachagua maharagi. Sikukaa. Nilimuambia nilisema bongo, bwana yake hakunigusa, hata siku moja hakuniambia neno mbaya. Nilimuchagua juu alikuwa amekufa na sikufikiri kama yeye Elise iko muzima. Nilimuonyesha na barua ya docteur. Hakuitaka, hajui kusoma.

Alitupa mbegu mbovu mbili nje ya sahani. Kiisha akaniuliza, "Hata mara moja?" Nikamuambia hata mara moja.

Alisema, "Miezi ine sijamulilia."

Akaweka sahani ya maharagi chini, akafunika uso na kitambaa, na akaanza kumulilia bwana yake pale ku baraza, kwa sauti, kama amekufa asubuhi ile. Majirani balitoka kuangalia. Nilikaa chini pembeni yake. Hakuniomba karatasi, hakuniomba muhuri. Mu Kasaji yote, yaya, yeye njo wa kwanza kuniamini kwa neno ya mudomo wangu tu, na ni yeye nilikuwa nimemukosea.

Mudogo yako,
Bilonda